Sajenti, Mwalimu na Meza ya Jumamosi

Wasomaji wetu walio makambini na vituoni hawana haja ya kufundishwa maana ya neno posho. Hapo zamani neno hilo lilikuwa ni kipimo cha chakula alichopewa mpagazi au askari kwa siku. Kwa kuwa kipimo hicho kilikuwa mara nyingi unga wa mahindi, mwaka nenda mwaka rudi, jina la kipimo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe, na leo hata mtoto wa shule asiyejua gwaride huita ugali posho. Kwa hiyo tukisema kwamba posho na maharagwe ndicho chakula cha askari, hatusemi neno geni.

Lakini liko swali ambalo sufuria ya kombania haiwezi kulijibu. Askari akisha kula posho na maharagwe siku sita, siku ya saba atakula nini, atakula wapi, na atakula pamoja na nani? Wako wengi waliolijibu swali hilo kwa chupa. Sisi tumekutana na mume na mke waliolijibu kwa sahani, nao wameturuhusu tuwasimulie wasomaji wetu habari zao, mradi tusitaje majina.

Bwana huyo ni sajenti wa polisi mjini Jinja. Kwao ni West Nile, alikokulia ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Bibi ni Mgisu, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mbale. Hakuna kati yao aijuaye vizuri lugha ya mwenziwe; nyumbani mwao Kiswahili ndicho lugha ya mapenzi, ya hesabu na ya ugomvi. Mume humwita mkewe Mwalimu, na mke humwita mumewe Afande. Ilianza kwa mzaha, sasa ni mazoea. Baina ya kazi zao pana mwendo wa karibu kilomita 150, kwa njia ya Iganga, Namutumba na Tirinyi.

Kanuni yao ni hii. Jumamosi mbili za kila mwezi, zamu ya sajenti ikiruhusu, hukutana. Mara moja Jinja na mara moja Mbale. Hula mlo mmoja katika hoteli wasiyoizoea, chakula ambacho hakuna kati yao aliyekipika. Kisha Mwalimu hutoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akaandika katika safu tano: tarehe, mahali, chakula, gharama, na neno. Safu hiyo ya tano ndiyo iliyotuvuta kwenda kuwaona. Ndani yake huandikwa jambo moja walilozungumza mezani siku hiyo.

JINJA: CHAPATI NA SAMAKI

Tulimlaki Mwalimu kwenye stendi ya Jinja saa nne ya asubuhi. Sajenti alikuwa amevaa shati la kiraia lililopigwa pasi kwa mistari mikali, hata mtu asiyemjua angebashiri kazi yake. Tukatembea kwa miguu katika Barabara Kuu, yenye majumba ya kale ya wafanyabiashara wa Kihindi, ambayo baadhi yake yamechorwa juu ya kuta mwaka yaliyojengwa.

Jinja na Mbale zote mbili zilipandishwa kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, lakini Jinja ilikwisha kuwa mji wa biashara tangu mwanzo wa karne iliyopita, wakati Allidina Visram na wenzake walipofungua maduka. Wafanyabiashara hao walikuja na majiko yao: chapati, sambusa, dengu, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa nchini kwa muda wa siku tisini, majiko mengi katika barabara hii yalizimika. Chapati haikuondoka. Ilikwisha kuingia mikononi mwa vijana wa mji, na wengi husema kwamba vijana wa Busoga ndio walioifunga pamoja na mayai na nyanya, wakaipeleka hadi Kampala, ikaitwa roleksi.

Mwalimu akanunua roleksi moja pembeni mwa barabara, akaikata katikati. "Hii si mlo," akatueleza, "hii ni kufungua kinywa. Hatuiandiki daftarini." Sajenti akaipokea nusu yake kwa mikono miwili kama apokeaye cheti.

Kutoka hapo tukapanda bodaboda hadi Masese, ufukoni mwa ziwa. Huko samaki hufika kwa mitumbwi: ngege, mputa, na mukene waliotandazwa kukauka. Mputa si mwenyeji wa ziwa hili; alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wadogo wengi waliokuwamo, kisha akawa biashara kubwa ya nchi za nje. Minofu yake husafirishwa, na vichwa pamoja na mifupa yenye nyama kidogo hubaki kwa wenyeji. Kwa hiyo wenzetu hawa hawaagizi mputa. Wanataka ngege mzima.

Sajenti huchagua samaki kama akaguavyo gari barabarani. Kwanza hutazama jicho: liwe angavu, lisiwe limezama. Kisha hufunua shavu: liwe jekundu. Mwisho hubonyeza tumbo kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Tulipomwuliza alijifunza wapi, alicheka akasema kwamba alijifunza kwa tumbo lake mwenyewe. Siku moja, katika hoteli ambayo hapendi kuitaja, alikula samaki aliyefunikwa kwa pilipili nyingi na limau nyingi, na usiku ule alikwenda lindo mara mbili, mara moja kwa amri na mara nyingi kwa lazima. Tangu siku hiyo hushuku pilipili iliyozidi, na kabla ya kuketi popote hutazama mambo matatu: maji ya kunawa, mlango wa nyuma, na mikono ya mpishi.

Ngege wetu alichanjwa ubavuni, akapakwa chumvi, akakaangwa mzima hadi mapezi yakawa yakivunjika kama biskuti. Aliletwa pamoja na muhogo wa kukaanga, kachumbari na ndimu. Kwa muda wa robo saa hakuna aliyesema neno. Sajenti alila kichwa, Mwalimu akala mkia, na tuligundua kwamba hata ugawaji huo una historia: katika mwaka wa kwanza wa ndoa kila mmoja alikuwa akimwachia mwenziwe kichwa kwa heshima, na kumbe Mwalimu hakupenda kichwa hata kidogo. Jambo hilo limeandikwa katika safu ya tano, ukurasa wa pili.

Ulipofika wakati wa kulipa, mama mwenye hoteli alikataa fedha. "Afande," akasema, "kijana wangu alipopotea ulinisaidia. Leo chakula ni changu."

Sajenti akashukuru, akaweka fedha mezani. Mama akazirudisha. Sajenti akaziweka tena, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nikila bure leo, siku utakapoibiwa nitakuja hapa kama askari au kama mgeni wako? Pokea, mama. Ukitaka kunipa zawadi, niombee."

Tumelisimulia jambo hili kwa makusudi. Wazee wa miji hii hawajaisahau miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka ya magendo, ambapo sukari ilikuwa adimu hata hapa Jinja, jirani ya kiwanda cha Kakira, na ambapo mtu mwenye sare aliweza kuingia hotelini, akala, akafuta mdomo, akatoka, na mwenye hoteli akashukuru kwamba hakupigwa. Mwaka 2017 wanajeshi walipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu, na katika fuko nyingi mtu wa sare akikaribia kikaango watu bado humtazama mara mbili. Sahani moja iliyolipwa huondoa hofu kidogo. Sahani moja isiyolipwa huirudisha yote.

DENI LA KANTINI

Tulipokuwa tukingoja chai, tuliuliza ilikuwaje mpaka wakaanza desturi hii. Mume alimtazama mkewe, mke akasema, "Sema wewe, Afande. Ni kesi yako."

Sajenti akaeleza. Wakati huo alikuwa koplo. Alikuwa akimtumia mkewe fedha kila mwezi, lakini kila mwezi zilipungua, na kila mwezi alikuwa na sababu: mara makato, mara mgonjwa, mara mwenzake kafiwa. Ijumaa moja Mwalimu alipanda teksi Mbale bila kumwarifu, akafika Jinja jioni. Hakumkuta kota. Jirani akamwonyesha kantini. Alipoingia, mumewe hakuwamo, alikuwa ametoka kidogo. Lakini juu ya kaunta palikuwa na daftari la madeni, na jina la mumewe lilikuwa limejaza ukurasa mzima.

"Nilijua atapiga kelele," alisema Sajenti. "Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Hakupiga. Aliniambia, Afande, nina njaa, nipeleke mahali ukale nami chakula ambacho hujapata kula. Nami sikuwa na hata shilingi mfukoni."

Walikwenda hata hivyo, na Mwalimu akalipa. Mumewe aliketi akitazama mkewe akihesabu noti zilizotoka katika mshahara wa kufundisha watoto. Anasema hakuna adhabu aliyopata kazini, wala korokoroni haiwezi kuwa nayo, iliyomwuma kama dakika ile. Kabla ya kulala waliafikiana mambo mawili: deni la kantini lilipwe kwa miezi mitatu, na fedha iliyokuwa ikienda katika bia, badala ya kupotea kwa mtu mmoja gizani, iliwe na watu wawili mchana. Kesho yake Mwalimu akanunua daftari.

Daftari hilo halikukatika hata katika siku ngumu. Usafiri wa umma ulipopigwa marufuku tangu mwisho wa Machi hadi mwanzoni mwa Juni 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walikubaliana kwa simu chakula cha kupika. Kila mmoja akakipika kwake, wakala kwa saa moja, simu ikiwa mezani. Iko pia kurasa yenye tarehe 6 Agosti 2022, juma moja baada ya mto Nabuyonga kufurika usiku mjini Mbale, ukaua watu na kubomoa nyumba. Katika safu ya chakula pameandikwa: "Hatukula nje. Fedha zimekwenda kwa majirani."

MBALE: MALEWA NA MZEE

Majuma mawili baadaye tulifuatana na Sajenti kwenda Mbale. Njia ya Tirinyi hupita mabonde ya mto Mpologoma, yenye mashamba ya mpunga pande zote. Mashariki ya Uganda ililima mpunga mdogo tangu zamani, lakini wataalamu wa China walisaidia kujenga mashamba makubwa ya kumwagilia huko Kibimba na Doho katika miaka ya 1970 na 1980, na wali ukaacha kuwa chakula cha sikukuu pekee. Mbele yetu ukatokea ukuta wa Wanale, wenye maporomoko membamba ya maji, na chini yake mji wa Mbale.

Safari hii palikuwa na mgeni wa tatu mezani, naye ndiye aliyeifanya Jumamosi hiyo kuwa nzito. Alikuwa baba yake Mwalimu, mzee aliyekuwa konstebo wa polisi na kustaafu zamani. Mama mkwe hakuja. Desturi ya Wagisu haimruhusu kuketi na kula pamoja na mkwewe. Mzee alikuja kwa sababu alikuwa na shauri. Mkwewe na binti yake wana kiwanja, wana msingi, wana kuta zilizosimama tangu mwaka uliopita, lakini hawana paa.

Hoteli ilikuwa ndogo, yenye meza sita, nyuma ya soko. Tuliagiza malewa, kwa kuwa kufika Mbale bila kula malewa ni kama kufika Jinja bila kuuona Nile. Malewa ni machipukizi ya mwanzi umeao katika misitu ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Huvunjwa wakati wa mvua, hukaushwa juu ya moshi hadi yakawa ya rangi ya kahawia, kisha hushushwa sokoni yakiwa yamefungwa mafungu mafungu. Mpishi huyalowesha, huyachemsha muda mrefu, huyakatakata, halafu huyapika katika mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa. Msitu huo umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1993, na wachumaji huingia kwa mapatano na wenye hifadhi. Harufu yake ni ya moshi, utamu wake hukumbusha uyoga, na mtu aliyezoea nyama hutafuna akidhani anakula nyama. Yaliletwa pamoja na ndizi zilizopondwa.

Mzee alikula kidogo, akanawa, akaanza.

"Mkwe wangu, nakuheshimu. Lakini watu wanasema, nami nasikia. Wanasema mwanangu na mumewe wanakula mabati. Kila mwezi bati mbili, bati tatu, zinaliwa na kunywewa chai juu yake. Akiba haiozi. Huu mlo kesho uko wapi?"

Mwalimu alitaka kujibu. Sajenti akamzuia kwa macho. Akamwomba mkewe daftari, akalifungua mbele ya Mzee. Akamwonyesha kwamba kabla ya kitu chochote sehemu ya mshahara hukatwa kwenda katika chama cha akiba na mikopo cha Exodus, ambacho ni cha askari polisi. Kwamba karo ya watoto hutengwa kisha. Kwamba gharama ya meza haijapata kuzidi ile aliyokuwa akiimaliza kantini kwa Ijumaa mbili. "Mzee," akasema, "mabati niliyokunywa zamani ni mengi kuliko haya tunayokula. Lakini sikatai. Haya nayo ni mabati."

Mzee alilipokea daftari. Tulidhani atasoma safu ya gharama. Akasoma safu ya tano. Alisoma polepole, kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa: kichwa cha samaki, kifungua mimba ashindwaye hesabu, kaburi la baba yake Sajenti ambalo bado halijasakafiwa, kama wazae mtoto mwingine au la. Hoteli ikanyamaza, ila sufuria jikoni.

"Mimi nilijenga nyumba ya bati," akasema hatimaye, "kabla ya majirani zangu wote. Nilifanya kazi vituo vingi, mama yenu akiwa kijijini. Nilikuja likizo, nikahesabu bati zangu, nikarudi. Nilipostaafu, mama yenu alinipikia maharagwe kila siku, mwezi mzima. Alifikiri ndicho chakula nikipendacho, kwa kuwa ndicho alichosikia askari hula. Nami nilikuwa nimeyachoka maharagwe kwa miaka ishirini na minne. Sikumwambia. Hatukuwa na desturi ya kuambiana."

Hakuna aliyecheka, ingawa jambo lenyewe lingeweza kuchekesha.

Mzee hakuliacha shauri lake. Aliwataka waahidi kwamba paa litaezekwa kabla ya mvua za mwaka ujao, na waliahidi: milo miwili ya mwezi itakuwa mmoja mpaka bati la mwisho lipigiliwe, na huo mmoja hautavunjwa. Mwalimu akaliandika hapo hapo, na Mzee akatia sahihi yake chini kama mtu athibitishaye taarifa ya kituoni. Kisha akamwita kijana wa hoteli, akaagiza wali na kuku vifungwe katika jani la mgomba, akakataa kulipiwa. "Hivi nitampelekea mama yenu mwenyewe," akasema. "Nitamwuliza kama anapenda kuku."

HESABU KWANZA

Hatuwashauri wasomaji wetu wote wawe wageni wa hoteli. Mshahara wa askari unajulikana, na watoto hawasomi kwa malewa. Lakini mpango wa wenzetu hawa una mambo ambayo askari yeyote aweza kuyafuata. Akiba hutangulia sahani: mwanajeshi ana Wazalendo, polisi ana Exodus, na fedha iliyokwisha kukatwa haijui njia ya kantini. Matumizi huandikwa, maana deni lisiloandikwa na mwenyewe huandikwa na mwenye duka. Sare na silaha hubaki mahali pake, na mlo hulipwa wote. Na asiye na fedha ya hoteli ana mukene na kivuli cha mwembe. Wenzetu wenyewe walikula hivyo miezi mitatu walipokuwa wakilipa lile deni.

Kazi ya ulinzi hutenganisha watu. Amri ya uhamisho haiulizi kama mume na mke wamemaliza kuzungumza. Tulipokuwa tukiagana kwenye stendi ya Mbale, Sajenti alitueleza jambo ambalo hakumwambia Mzee: amepewa habari kwamba huenda akahamishiwa Moroto. Tukamwuliza Mwalimu itakuwaje basi, kwa kuwa Moroto si Jinja, na Jumamosi ni moja.

Mwalimu alifungua daftari katika ukurasa mweupe. Alikuwa amekwisha kuandika katika safu ya mahali: Moroto. Katika safu ya chakula aliandika: maziwa, na pengine nyama ya mbuzi, tutauliza wenyeji. Safu ya tarehe ilikuwa wazi.